UZI: Edgefield, kaunti ndogo ya South Carolina iliyojaa makaburi ya magavana, maseneta na majenerali

Msafiri wa Mto Savannah (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu, leo nimepata nafasi ya kuuandika. Ni mrefu, kwa hiyo nitaushusha kwa vipande.

Ninaishi Augusta, Georgia, na kazi yangu ni kupeleka samani kwenye nyumba za watu. Ukivuka Mto Savannah unaingia South Carolina, ukishika barabara namba 25 kwenda kaskazini unapita Trenton, kisha unafika Edgefield. Njiani ni mashamba ya mipichi na misonobari. Siku moja mteja hakuwepo nyumbani, nikaambiwa nisubiri saa mbili. Jua lilikuwa kali, nikaenda kutafuta kivuli kwenye makaburi yaliyo nyuma ya kanisa la Wabaptisti pale mjini. Yanaitwa Willowbrook.

Nilidhani nitakuta makaburi ya kijiji kama yalivyo mengine. Jiwe la kwanza nililosoma, gavana. La pili, jenerali aliyekuja kuwa seneta. Nikatoa simu nikaanza kutafuta majina yao mmoja mmoja, na zile saa mbili zikaisha sijakaa chini hata mara moja.

Kaunti nzima ya Edgefield ilihesabiwa watu 25,657 katika sensa ya 2020. Dar es Salaam zipo kata zenye watu wengi kuliko hao. Lakini wenyeji wanahesabu magavana kumi wa jimbo kuwa ni wa Edgefield: Andrew Pickens mdogo, George McDuffie, Pierce Butler, James Hammond, Francis Pickens, Milledge Bonham, John Sheppard, Benjamin Tillman, John Gary Evans na Strom Thurmond.

Si wote waliozikwa pale. Edgefield ya zamani ilikuwa kubwa sana, ikawa inamegwa: Aiken ikakatwa 1871, Saluda miaka ya 1890, Greenwood 1897, McCormick 1916. Mpaka ukihama, kaburi nalo linahamia kaunti nyingine bila mtu kushika jembe. Hammond leo yuko upande wa Aiken, Beech Island. Pierce Butler, aliyeuawa vitani Meksiko mwaka 1847 akiongoza Kikosi cha Palmetto, yuko upande wa Saluda.

Nianze na kaburi lililonishika zaidi. Naandika kwa simu, nipeni dakika chache.

---

Dada wa Bonde

Nimeweka mkeka, kaka. Shusha taratibu.

---

Msafiri wa Mto Savannah

PRESTON BROOKS (1819–1857). Mbunge.

Huyu mlimsoma shuleni bila kushika jina lake. Tarehe 22 Mei 1856 aliingia ukumbi wa Seneti mjini Washington akiwa na bakora ngumu yenye kichwa cha dhahabu. Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alikuwa ameketi kwenye dawati lake akiandika. Siku mbili kabla ya hapo Sumner alikuwa amemaliza hotuba ndefu ya kupinga utumwa usipelekwe Kansas, na ndani yake akamshambulia kwa maneno makali Seneta Andrew Butler, ambaye alikuwa ndugu wa ukoo wa Brooks. Brooks akampiga kichwani mfululizo. Madawati yale yalikuwa yamepigiliwa sakafuni, na Sumner miguu yake imebanwa chini ya dawati. Alipojaribu kuinuka aling'oa dawati zima. Bakora ikavunjika vipande, Brooks akaendelea na kipande kilichobaki mkononi.

Sumner alikaa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kurudi kazini kikamilifu. Brooks alitozwa faini ya dola 300. Akajiuzulu ubunge, watu wa kwao wakamrudisha kwa kura. Wengine wakamtumia bakora mpya kama zawadi. Kule Florida kuna mji unaitwa Brooksville, umepewa jina lake kwa ajili ya tendo lile.

Kwa nini mtu wa miaka 36 alikuwa anatembea na bakora? Mwaka 1840 alipigana kwa bastola na Louis Wigfall, naye mtu wa Edgefield, wote wakajeruhiwa. Risasi ilimwingia Brooks nyongani na akachechemea tangu hapo. Wigfall alihamia Texas akawa seneta, na mwaka 1861 ndiye aliyepanda mtumbwi wakati mizinga ingali inalia akaenda Fort Sumter, ngome ya jeshi la Marekani, kuwataka waliokuwa ndani wasalimu amri. Ugomvi wa vijana wawili wa mji mmoja, na nchi nzima ikaja kuwaona wote wawili.

Brooks alikufa Washington Januari 1857, ugonjwa wa koo ukamziba pumzi. Alikuwa na miaka 37. Mnara wake ni mrefu, mweupe uliogeuka kijivu, na kuvu zimetambaa upande usiopata jua. Nilisimama pale nikasoma sifa zote walizomchongea. Kwa aliyosifiwa pale, mgeni angedhani amesimama kwenye kaburi la mtu wa amani.

---

Mchimba Chumvi

Mkuu, mimi nakuheshimu, lakini niseme ukweli wangu. Hawa ni wazungu waliomiliki babu zetu. Sisi tuna makaburi ya mashujaa wetu hayajajengewa hata ukuta, mvua inayala. Kwa nini tusome habari za makaburi ya wamiliki wa watumwa?

---

Msafiri wa Mto Savannah

Swali lako ni la haki kabisa, na sitalikimbia. Nina jibu, ila linahitaji nimalize kwanza hawa wenye mawe. Naomba uvumilivu wako hadi kipande cha mwisho.

FRANCIS PICKENS (1805–1869). Gavana.

Alikuwa balozi wa Marekani Urusi kuanzia 1858. Akarudi, akaapishwa ugavana Desemba 1860, na tarehe 20 mwezi huohuo South Carolina ikajitoa kwenye Muungano, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Aprili 12, 1861, mizinga ikafyatuliwa juu ya Fort Sumter, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Mkewe Lucy amezikwa pale pia. Uso wake ulichapishwa kwenye noti za Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitoa, ya dola moja na ya dola mia. Binti yao alizaliwa St. Petersburg, na kule akapewa jina la mapenzi la Kirusi, Douschka, jina ambalo Edgefield hawajalisahau hadi leo.

MATTHEW CALBRAITH BUTLER (1836–1909). Jenerali na seneta.

Huyu ndiye aliyenichukua muda mrefu kumwelewa. Tarehe 9 Juni 1863, kwenye vita vya wapanda farasi pale Brandy Station, Virginia, kombora moja lilipita: likaukata mguu wake wa kulia, likamkata mguu na Kapteni William Farley aliyekuwa naye kando. Farley akafa. Butler akapona, akarudi vitani na mguu mmoja, akamaliza akiwa meja jenerali wa Shirikisho la Kusini. Miaka 35 baadaye, vita dhidi ya Hispania mwaka 1898, serikali ileile aliyokuwa ameipiga risasi ikampa cheo kilekile cha meja jenerali, akapelekwa Kuba kusimamia Wahispania kuondoka.

Katikati ya hayo kuna Hamburg. Hamburg ulikuwa mji mdogo kando ya Mto Savannah, ng'ambo ya Augusta, ninapita hapo kila wiki. Baada ya vita watu weusi waliokuwa huru ndio waliouendesha. Hakimu wake alikuwa Prince Rivers, aliyekuwa dereva wa farasi wa bwana wake, akatoroka na kuwa sajini mshika bendera wa kikosi cha watu weusi cha Muungano. Julai 8, 1876, Butler alifika Hamburg kama wakili na kutaka wanamgambo weusi wasalimishe bunduki zao. Wakakataa. Jioni wazungu wenye silaha wakawa mamia, mzinga ukavushwa kutoka Augusta. Usiku, mateka weusi walitolewa mmoja mmoja kwenye kundi na kupigwa risasi.

Hakuna aliyefungwa. Mwaka uliofuata Butler akaingia Seneti, akakaa hadi 1895. Na mwaka 1890, akiwa huko, alipeleka mswada wa kutaka serikali iwalipie nauli watu weusi ambao wangekubali kuondoka Kusini, safari ya Afrika ndiyo iliyosemwa zaidi. Haukupita.

Mzungu mmoja naye aliuawa Hamburg siku ile, kijana aitwaye McKie Meriwether. Yeye alijengewa mnara North Augusta mwaka 1916. Majina ya weusi yakangoja hadi 2016 kupata jiwe lao. Miaka mia moja kamili.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na Hamburg sikuwahi kuifundisha. Asante sana, mwanangu. Nikuulize: huyo Tillman uliyemtaja kwenye orodha ndiye yule wa uma wa shambani?

---

Msafiri wa Mto Savannah

Shikamoo Mwalimu. Ndiye, aliyebandikwa jina la "Pitchfork Ben", Ben wa uma. BENJAMIN TILLMAN (1847–1918). Yeye hayuko Willowbrook, yuko makaburi ya Ebenezer, Trenton, kilomita chache kabla ya kufika mjini.

Alipoteza jicho akiwa kijana, mwaka 1864. Alikuwa mmoja wa wale wazungu wenye silaha wa usiku wa Hamburg, na hakuficha. Mwaka 1900 alisimama ndani ya Seneti akasema waziwazi kwamba walijaza masanduku ya kura na kuwapiga watu weusi risasi, na kwamba hawaoni haya. Akawa gavana 1890 hadi 1894, kisha akamng'oa Butler kwenye kiti cha Seneti. Wale wawili waliokuwa upande mmoja usiku wa Hamburg wakaja kupigania kiti kimoja.

Katiba ya jimbo ya mwaka 1895, ambayo yeye ndiye aliyeisukuma, iliweka masharti ya kusoma na ya mali ili mtu mweusi asiandikishwe kupiga kura. Edgefield wakati huo weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Miaka ishirini tu kabla ya hapo kaunti ilikuwa na wawakilishi weusi jimboni, kama Lawrence Cain na Paris Simkins, kinyozi aliyezaliwa utumwani akaja kuwa wakili. Katiba ile ikalifunga hilo dirisha kwa miongo mingi.

Mtu huyohuyo alisaidia kuanzisha Chuo cha Clemson, na sheria ya Marekani nzima ya 1907 inayokataza makampuni kuchangia fedha za uchaguzi ina jina lake. Naiandika kwa sababu ni kweli, wala haipunguzi lile la kwanza.

---

Dada wa Bonde

Kaka, na Thurmond je? Huyo hata mimi namkumbuka kwenye televisheni, mzee sana, anasaidiwa kutembea.

---

Msafiri wa Mto Savannah

STROM THURMOND (1902–2003). Wakili, jaji, askari, gavana, seneta. Kaburi lake linatunzwa kuliko yote. Sanamu yake imesimama uwanja wa katikati ya mji, mbele ya mahakama. Alizaliwa Edgefield, akafia Edgefield akiwa na miaka 100.

Askari kwanza. Alikuwa amevuka miaka 41, ana wadhifa wa jaji, hakuna ambaye angemlazimisha kwenda vitani. Juni 6, 1944 alitua Normandy, Ufaransa, ndani ya ndege isiyo na injini pamoja na Divisheni ya 82 ya askari wa anga. Ndege zile zilikuwa za mbao, mabomba na kitambaa, na nyingi zilivunjika zilipogusa ardhi. Hilo nampa bila kupunguza.

Mwanasiasa sasa. Mwaka 1948 aligombea urais kwa chama cha wanaotaka weusi na weupe watenganishwe, akachukua majimbo manne na kura 39 za wajumbe. Mwaka 1954 akashinda useneta ingawa jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kura. Watu waliliandika kwa mikono yao. Agosti 1957 alisimama akaongea saa 24 na dakika 18 kuzuia Sheria ya Haki za Kiraia. Sheria ikapita. Rekodi yake ilidumu hadi Aprili 2025, ilipovunjwa na Seneta Cory Booker, mtu mweusi, kwa saa 25 na dakika 5.

Miaka yote ile, alikuwa na binti mweusi.

Mama yake binti aliitwa Carrie Butler. Alikuwa msichana wa kazi nyumbani kwa wazazi wa Thurmond, Edgefield. Mtoto alizaliwa Oktoba 1925. Mama ana miaka 16, baba ana miaka 22. Mtoto, Essie Mae, akapelekwa Pennsylvania kulelewa na mama yake mkubwa. Alikutanishwa na baba yake akiwa tayari ni msichana mkubwa. Thurmond alimlipia karo katika chuo cha watu weusi kule Orangeburg, na akiwa gavana alikuwa anakwenda kumtembelea. Essie Mae akawa mwalimu Los Angeles. Alinyamaza hadi Desemba 2003, miezi sita baada ya mazishi, akiwa na miaka 78. Familia ya Thurmond haikumkana.

Nina binti wa miaka 15. Sehemu hii nimeiandika mara tatu nikafuta.

---

Kijana wa Matadi

Ndugu zangu, Kiswahili changu ni cha kujifunzia, mnisamehe. Mimi ni Mkongo, lugha ya nyumbani ni Kikongo. Niliwahi kusikia kwamba huko Edgefield kuna vyungu vyenye nyuso vilivyofinyangwa na watu wetu. Ni kweli?

---

Msafiri wa Mto Savannah

Umefika wakati hasa nilipokuwa nakuhitaji. Ni kweli. Na Mchimba Chumvi, ndugu yangu, jibu lako ndilo hili.

Kuleta watumwa Marekani kutoka Afrika kulipigwa marufuku tangu 1808. Lakini Novemba 28, 1858, jahazi la anasa lililogeuzwa la watumwa, Wanderer, lilishusha watu zaidi ya 400 kwa siri kwenye kisiwa cha Jekyll, Georgia. Walikuwa wametolewa mdomo wa Mto Kongo, wengi vijana wadogo. Makumi wengine walikuwa wamekufa baharini. Sehemu yao walipandishwa Mto Savannah kwa meli ya moshi hadi Edgefield, wakagawanywa mashambani.

Edgefield ilikuwa na udongo mzuri na viwanda vya vyombo vya mfinyanzi. Ni katika miaka hiyo vikaonekana vile vyombo vidogo vyenye sura za watu, macho na meno vimewekwa kwa udongo mweupe. Kwa Wakongo weupe ndio rangi ya wafu. Niliviona kwenye kabati la makumbusho: kimoja hakizidi kiganja changu, mdomo umefunguka kidogo, jicho moja limekaa juu kuliko jingine, na kwenye shavu kuna alama ya kidole gumba cha aliyekifinyanga.

Mmoja wa wale wa Wanderer aliitwa Tahro. Waliomchukua wakamwita Romeo. Baada ya utumwa alijenga nyumba Edgefield kwa namna ya kwao Kongo, na picha yake ilichapishwa mwaka 1908.

Na kabla yao alikuwapo Dave, aliyekuja kujiita David Drake. Mtumwa, mfinyanzi. Alifinyanga mitungi mikubwa, mingine ya kuchukua lita 150. Mwaka 1834 South Carolina ilitunga sheria ya kukataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Tangu mwaka huohuo Dave alikuwa anachora mashairi ya mistari miwili kwenye udongo mbichi, anatia sahihi na tarehe. Agosti 16, 1857 aliandika kwenye mtungi akijiuliza jamaa zake wote wako wapi. Miezi saba kabla ya hapo Brooks alikuwa amekufa na mji mzima umemlilia.

Brooks ana mnara. Kaburi la Dave halijulikani lilipo. Mwaka 2021 mtungi wake mmoja uliuzwa zaidi ya dola milioni moja na nusu.

Kwa hiyo, Mchimba Chumvi, mimi nasoma yale mawe kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa, na kila tarehe iliyoko juu yake inaniambia nani mwingine alikuwa hai siku hiyo, mji huohuo, bila jiwe.

---

Kijana wa Matadi

Mtu anayezungumza na wafu kwetu anaitwa nganga.

---

Dada wa Bonde

Mganga. Neno lilelile. Mwili umenisisimka.

---

Mchimba Chumvi

Mkuu, nimesoma mara mbili. Ninaondoa lile neno langu la kwamba haituhusu. Lile la makaburi yetu yanayoliwa na mvua linabaki palepale.

---

Msafiri wa Mto Savannah

Libaki, ndugu yangu. Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Fungua uzi wake, nami nitakuwa wa kwanza kuchangia.

---

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, swali la mwisho kabla sijalala. Huyo binti, Essie Mae. Jina lake liliandikwa mahali popote karibu na la baba yake?

---

Msafiri wa Mto Savannah

Ndiyo, Mwalimu, ila si Edgefield. Ni Columbia, kwenye sanamu nyingine ya Thurmond nje ya jengo la bunge la jimbo. Chini ya sanamu walikuwa wamechonga kwamba ni baba wa watoto wanne, na majina yao. Mwaka 2004 jimbo likaruhusu jina la Essie Mae liongezwe mwisho wa orodha, na neno "wanne" likabadilishwa kuwa "watano".

Nilikwenda mwezi uliopita na binti yangu. Pale kwenye namba walijaza herufi za zamani kisha wakachonga mpya juu yake, na rangi ya kiraka haikulingana na jiwe. Binti yangu alipitisha kidole pale, akaniambia, "Baba, nne bado iko chini."